Jeni, ubongo na maisha ya pamoja: maswali ya watu wa Kiembeni kuhusu utafiti na kazi zake

Ukitoka Kiembeni ukashika barabara ya Malindi, ukavuka daraja la Mtwapa na kuendelea kaskazini, utafika Kilifi, mahali kilipo kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989. Wengi wetu tunakijua kwa malaria na chanjo za watoto. Wachache wanajua kwamba humo humo wapo wanaochunguza jeni na ubongo: kwa nini mtoto huyu amechelewa kusema, kwa nini yule ana kifafa, kwa nini kijana aliyekuwa akishika namba za juu darasani ameanza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Taaluma hii inakua haraka duniani, na inaajiri. Tatizo ni kwamba watu wa pwani tumeingia ndani yake zaidi kwa mlango wa kutoa sampuli, na kidogo sana kwa mlango wa kuuliza maswali. Majibu yafuatayo ni kwa mzazi, kwa mwanafunzi wa chuo, na kwa yeyote aliyewahi kutemea mate kwenye kichupa cha utafiti akarudi nyumbani na dukuduku.

Jinomu ni nini, na inaingiaje kwenye tabia?

Jinomu ni jumla ya maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Ya binadamu ina herufi za DNA zipatazo bilioni 3, na jeni zinazotengeneza protini ni kama 20,000. Karibu kila seli ya mwili wako inabeba maelekezo hayo hayo. Kinachofanya seli ya ini iwe ya ini, na ya ubongo iwe ya ubongo, ni jeni zipi zinafanya kazi pale na kwa nguvu gani. Ni kama vyumba vya ploti moja: waya zimepita kote sawasawa, lakini usiku ukitazama kutoka nje unaona taa za chumba hiki zinawaka na za kile zimezimwa.

Mfano mzuri zaidi ni nyuki. Wetu wa ukanda wa pwani wana jina lao la kisayansi, Apis mellifera litorea, na wafugaji wanaotundika mizinga kwenye mikoko wanawajua kwa ukali wao. Nyuki kibarua akiwa mchanga hukaa ndani ya mzinga akilisha mabuu. Wiki mbili tatu baadaye hutoka kutafuta maua. Ni nyuki yule yule, jinomu ile ile, kazi mbili tofauti kabisa. Mwaka 2003 kundi la Gene Robinson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, lilionyesha kwamba ukipima jeni zinazofanya kazi ndani ya ubongo wa nyuki mmoja unaweza kusema, na mara chache sana ukakosea, kama huyo ni mlezi au ni mtafutaji.

Kilichonivutia mimi ni hiki: kwenye mzinga uliopungukiwa na watafutaji, nyuki wachanga huanza kutoka mapema kuliko umri wao. Na walezi wakikosekana, wakubwa hurudi kulea. Kwa hiyo mahitaji ya jamii yanageuza kazi ya jeni ndani ya kichwa cha kiumbe mmoja. Watu wengi wanadhani njia ni ya upande mmoja tu, kutoka jeni kwenda kwenye tabia. Taaluma hii imesimama juu ya ugunduzi kwamba njia inapitika pande zote mbili. Ndiyo inayoitwa jenomiki ya ubongo na tabia za kijamii.

Mbona wanasayansi wanawachunguza nyani?

Kwa sababu nyani wanaishi kwa vyeo, urafiki, ugomvi na malezi, na maisha yao yote yanaweza kuandikwa na mtu mmoja kabla hajastaafu. Na Kenya ndiyo yenye moja ya kumbukumbu bora kabisa za aina hiyo duniani. Katika bonde la Amboseli, kaunti ya Kajiado, Jeanne Altmann na mumewe Stuart walianza mwaka 1971 kufuatilia makundi ya nyani, na kazi haijakatika hadi leo. Watafiti wa Kikenya wanatoka asubuhi, wanamtambua kila nyani kwa uso na mwendo, wanaandika nani amezaliwa, nani amemchambua nani manyoya, nani amempisha nani kivulini, nani hakuonekana. Hawamkamati mnyama kila wanapotaka kujua jambo. Wanasubiri ajisaidie, wanaokota kinyesi kikiwa bado kibichi, na kutoka humo maabara inapata homoni na DNA.

Miaka yote hiyo imezaa nini? Mwaka 2016 Jenny Tung, Elizabeth Archie, Jeanne Altmann na Susan Alberts walichapisha matokeo juu ya nyani majike 196. Waliangalia mambo sita ya utotoni: kuzaliwa mwaka wa ukame, kuzaliwa kwenye kundi lililojaa, mama kuwa wa cheo cha chini, mama kutokuwa na wenzake wa karibu, kufiwa na mama mapema, na kupata mdogo wa kumfuata upesi. Waliopatwa na mambo matatu au zaidi walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko waliopatwa na moja au wasiopatwa na lolote. Miaka 10 kwa nyani ni sehemu kubwa ya uhai wake. Na hawa hawavuti sigara, hawanywi pombe, wala hakuna aliyekosa kadi ya bima ya matibabu. Ndiyo maana matokeo yale yalisomwa na madaktari wa binadamu pia: yanaonyesha kwamba dhiki ya utotoni peke yake ina mkono mrefu.

Habari ya madume inatatanisha zaidi, na mimi naipenda kwa sababu hiyo. Utafiti wa mwaka 2012 kutoka Amboseli ulionyesha kwamba vidonda vya madume wa vyeo vya juu hupona haraka. Ungesema basi ukubwa ni neema. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Amboseli walipima alama za kikemikali zinazojipachika kwenye DNA kadiri umri unavyokwenda, wakakuta madume wa vyeo vya juu wanaonekana wazee kuliko miaka yao. Cheo cha dume hupatikana kwa kupigana na hulindwa kwa kupigana, na gharama yake inasomeka ndani ya seli.

Leo Jenny Tung anaongoza idara kwenye Taasisi ya Max Planck ya Anthropolojia ya Mageuko mjini Leipzig, Ujerumani. Susan Alberts yuko Chuo Kikuu cha Duke na Elizabeth Archie yuko Notre Dame, vyote vya Marekani. Maabara za namna hii huajiri watafiti waliomaliza uzamivu. Nyani ni wa Kenya, na walioandika daftari za porini kwa miongo mingi ni Wakenya. Nataka kuona Wakenya wengi zaidi pia kwenye kompyuta zinazochambua daftari hizo.

Je, jeni ndizo zinazoamua mtu awe nani?

Hapana. Utafiti mkubwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, uliotoka mwaka 2022 ulikusanya wagonjwa 76,755 ukakuta sehemu 287 za jinomu zinazohusika, na karibu kila moja inaongeza uwezekano wa kuugua kwa kiasi kidogo sana. Kwa mapacha wa kufanana, wanaoshiriki karibu DNA yote, mmoja akiugua skizofrenia, mara nyingi mwenzake haugui. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ipo "jeni ya wazimu" au "jeni ya wizi" inayoweza kupimwa ili kijana akataliwe kazi au msichana akataliwe uchumba. Haipo. Ndiyo sababu dodoso za tafiti za namna hii haziishii kwenye ukoo; zinauliza pia juu ya pombe, bangi, miraa na misukosuko aliyopitia mtu.

Wapo watakaosema kijana anayesikia sauti ana majini, na familia itampeleka kwa mwalimu, kwa mchungaji au kwa mganga. Simdharau mzazi anayehangaika na mwanawe. Ninachoomba ni kwamba hospitali isiwe kituo cha mwisho. Hospitali ya Port Reitz iko hapa hapa Mombasa, ina huduma ya magonjwa ya akili, na mgonjwa anayeanza dawa mapema ana nafasi nzuri kuliko anayeletwa akiwa amefungwa kamba.

Kwa nini wanatafuta DNA ya Waafrika?

Kwa sababu hadi sasa sayansi imesoma watu wachache ikadhani imesoma wote. Segun Fatumo, mtafiti aliyefanya kazi Entebbe, Uganda, na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba asilimia 86 ya washiriki wa tafiti za jinomu duniani walikuwa wa asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa kama asilimia 1 tu. Lakini Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jinomu, kwa kuwa binadamu wameishi hapa muda mrefu kuliko kwingine kokote. Kipimo cha hatari ya ugonjwa kilichotengenezwa kwa DNA ya Uingereza kinapoteza nguvu zake kikiletwa kwa mtu wa Kisauni. Dawa inayobuniwa kutokana na data hiyo inaweza kutufaa, inaweza isitufae, na hakuna atakayejua hadi tupimwe nasi.

Kazi ya kuziba pengo imeanza. Uganda imekusanya data ya jinomu ya watu wapatao 6,400, iliyochapishwa mwaka 2019. Afrika Kusini ilitoa mwaka 2020 utafiti wa skizofrenia miongoni mwa Waxhosa. Na upo mradi unaoitwa NeuroGAP-Psychosis, ulioanza kusajili watu mwaka 2018 katika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ukilenga wagonjwa 17,000 wa saikosisi, yaani maradhi ya akili yanayomtenga mtu na uhalisia kama skizofrenia, na watu 17,000 wasiougua ili kulinganisha. Nchini Kenya ulishikwa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kituo cha Kilifi. Hapa pwani washiriki walipatikana hospitali za Kilifi na Malindi, na pia Mombasa, Port Reitz ikiwemo. Mradi mwingine, NeuroDev, ulisajili watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, usonji ukiwa mmojawapo, Kilifi na Cape Town. Kama wewe au nduguyo mlihojiwa na kutoa mate hospitalini miaka hiyo, huenda mlishiriki mmoja wa miradi hii.

Mate yangu yanakwenda wapi? Kuna hila?

Swali hili lina haki ya kuulizwa, na historia ya nchi hii ndiyo inayolipa haki hiyo. Miaka ya 1930 daktari aliyeitwa F. W. Vint alipima ubongo wa maiti za Waafrika Nairobi, na mwaka 1934 akachapisha kwamba tabaka la nje la ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni jembamba kuliko la Mzungu. H. L. Gordon wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari alishika hoja hizo, na mwaka 1933 walowezi walikuwa wamekwisha kuanzisha chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Baadaye J. C. Carothers, aliyeongoza Mathari, aliandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimchapishia ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo madai ya watu walionyang'anywa ardhi yaligeuzwa kuwa maradhi ya akili. Hayo yote yalikuwa uongo uliovishwa koti la maabara, na yaliumiza watu. Mzee anayemkatalia mtafiti wa ubongo mlangoni hana ujinga wowote. Anakumbuka.

Basi ulinzi wa sasa ni upi? Kwanza, hakuna utafiti wa binadamu unaoruhusiwa kuanza bila kamati ya maadili kuupitisha na bila leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaja data ya jeni kuwa data nyeti, na kuishika ovyo ni kosa. Tatu ni ridhaa. Katika NeuroGAP mtu hakusomewa karatasi kisha akaambiwa weka kidole. Aliulizwa maswali kuhakikisha ameelewa: utafiti ni wa nini, una hatari gani, utakusaidia wewe mwenyewe au la, unaweza kujitoa au huwezi. Akishindwa kujibu anaelezwa upya. Asipoelewa hata baada ya hapo, hasajiliwi. Kwa mgonjwa wa saikosisi hatua hiyo ni ya lazima hasa.

Yapo pia mambo ambayo mshiriki anapaswa kuambiwa waziwazi. Sampuli nyingi husafiri nje ya nchi kusomwa, kwa mkataba wa kupitisha sampuli. Data bila jina hutumiwa na watafiti wa nchi nyingine. Na mara nyingi hutapewa majibu yako binafsi, kwa sababu matokeo yanasema juu ya maelfu ya watu, hayasemi juu yako peke yako. Uliza: sampuli itatunzwa miaka mingapi, nani ataifungua, na nikibadili nia nimwone nani. Kituo cha Kilifi kina wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wakazi wenyewe, na kazi yao ni kupeleka maswali kama hayo. Mtafiti akikukasirikia kwa kuuliza, usitie sahihi.

Na si kila habari ya jinomu ni ya magonjwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika miji ya Waswahili, na Mtwapa, majirani zetu, ilikuwa mmojawapo wa miji hiyo. Ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya urithi wa wengi wao ulitoka kwa mama wa Kiafrika, na sehemu kubwa ya uliobaki kwa baba waliotoka Uajemi, kuanzia yapata mwaka 1000. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, Mkenya, alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo.

Nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu ni kazi au ni masomo?

Ni kazi ya mshahara. Mtu amemaliza shahada ya uzamivu, anaitwa daktari, lakini bado hajapewa maabara yake. Anaajiriwa miaka miwili au mitatu, pengine hadi mitano, chini ya mwanasayansi mwenye maabara, afanye utafiti, achapishe, ajifunze mbinu asiyoijua, kisha aombe uhadhiri au fedha za kuanzisha kundi lake. Hakuna mtihani wala mahafali mwishoni.

Siku zake nyingi zinapita mbele ya kompyuta. Mashine ya kusoma DNA inatoa mafaili makubwa mno, na yeye anaandika programu za kuyasafisha, kuyalinganisha na kuyapima kwa takwimu. Wengine wako kwenye benchi la maabara wakitenganisha seli za ubongo moja moja ili wasome jeni zinazofanya kazi katika kila seli. Wengine wako porini.

Mtoto wa Kiembeni anafikaje huko?

Kwa miaka, na ni bora kusema hivyo tangu mwanzo. Baada ya kidato cha nne kuna digrii ya miaka minne, uzamili wa kama miaka miwili, uzamivu wa mitatu minne au zaidi. Si lazima awe daktari wa hospitali. Baiolojia, biokemia, takwimu, sayansi ya kompyuta, hata saikolojia, zote ni milango. Ningekuwa na sauti kwa kila mwalimu wa sekondari hapa Kisauni ningesema neno moja: msimwache mtoto wa baiolojia akimbie hisabati. Hapo ndipo wengi wanakwama, miaka kumi baadaye, na wakati huo kurudi nyuma ni kugumu.

Habari njema ni kwamba sehemu ya njia hii iko karibu. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kinafundisha uzamili wa bioinformatika, yaani uchambuzi wa data ya baiolojia kwa kompyuta. Chuo hicho hicho, pamoja na kituo cha KEMRI-Wellcome, kina stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya, inayomchukua mwenye digrii na kumweka ndani ya mradi wa kweli. Nairobi kuna icipe, kituo cha wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, na pale anayependa nyuki ana pa kuanzia. Na mwenye laptopu na bando anaweza kuanza usiku wa leo kujifunza zana za kompyuta kama R, Python na Linux bila malipo. Mabilioni ya herufi za jinomu za watu na wanyama yako wazi kwenye hifadhi za umma, mtu ajifunzie.

Liko jambo jingine ambalo vijana wetu hawalithamini. Kupima DNA kumekuwa rahisi. Kupima tabia bado ni kugumu. Utajuaje kama mtoto wa Ganze amechelewa, ikiwa kipimo kimetungwa kwa mtoto wa London na kinamuuliza juu ya vitu asivyowahi kuviona? Profesa Amina Abubakar, ambaye amefanya kazi Chuo Kikuu cha Pwani na sasa anaongoza taasisi ya maendeleo ya binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, alijenga na wenzake kipimo cha ukuaji wa watoto kinachojulikana kwa jina la Kilifi, kwa kutumia mambo ambayo mtoto wa huku anayafanya kweli. Bila vipimo vya namna hiyo, DNA ya mtoto haina cha kulinganishwa nacho. Anayejua Kiswahili cha pwani na Kigiriama, na anayejua mama wa Bombolulu anamaanisha nini anaposema "mtoto wangu ni mzito", ana ujuzi ambao maabara za nje haziwezi kuununua.

Nani analipa, na kiasi gani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba kazi iliyotangazwa na maabara yenye fedha zake. Ya pili ni kuja na ufadhili wako. Umoja wa Ulaya una ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie: uwe umemaliza uzamivu, usiwe umepita miaka minane ya utafiti tangu hapo, na likizo ya uzazi haihesabiwi dhidi yako. Kina mama, shikeni hilo. Tarehe ya mwisho kwa kawaida ni Septemba. Shirika la Human Frontier Science Program linagharimia miaka mitatu, kwa sharti uhame nchi na uingie fani mpya kwako. Wellcome ya Uingereza, wakfu wa Science for Africa wenye makao Nairobi, na shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, IBRO, nao wana fungu kwa Waafrika, la mafunzo au la utafiti.

Mshahara si wa kutajirika. Taasisi za afya za serikali ya Marekani ziliweka kiwango cha chini cha dola 61,008 kwa mwaka kwa anayeanza, mwaka 2024, na katika mji kama Boston kodi ya nyumba inakula sehemu kubwa ya hizo. Viza ya J-1, ambayo wengi huitumia, inaweza kuja na sharti la kurudi kwenu miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Soma karatasi zako vizuri. Na hali ya Marekani imekuwa ngumu: Mei 2025 taasisi hizo hizo zilisimamisha utaratibu wa kupitishia fedha mpya kwa washirika wa nje, na miradi mingi ya Afrika iliguswa. Anayeomba sasa asiweke mayai yake yote nchi moja. Ujerumani, Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini zitazamwe kwa uzito ule ule.

Ajenti ameniambia nitume pesa nishikiwe nafasi.

Usitume. Maabara ya kweli haitozi ada ya kuomba, haiuzi barua ya mwaliko, wala haiajiri kupitia mtu wa M-Pesa. Nafasi hutangazwa kwenye tovuti ya chuo au taasisi yenyewe, na anayekuandikia hutumia anwani ya chuo. Tumeshaona vijana wa mtaa huu wakilizwa kwa ahadi za kazi za Ghuba, na matapeli hao hao wamejifunza maneno ya vyuo.

Barua ya kwanza kwa mkuu wa maabara iandikweje?

Fupi, ukurasa mmoja. Soma kwanza makala mbili tatu za maabara yake, uzisome hadi mwisho. Sema ni swali gani ndani ya kazi yake unataka kulishughulikia, na umewahi kufanya nini kinachoonyesha unaweza. Taja data uliyochambua na programu uliyoandika, na uweke kiungo cha kazi hiyo. Ambatisha wasifu na majina ya watu wawili au watatu watakaokuthibitisha, baada ya kuwaomba ruhusa. Usimwandikie kila profesa barua ile ile. Wanaitambua kwa sentensi ya kwanza. Asipojibu wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu.

Akikuita kwenye mahojiano, nawe uwe na maswali yako. Fedha za nafasi hii zinakwisha lini? Nitaruhusiwa kuondoka na sehemu ya utafiti niendelee nayo Kilifi au Mombasa? Walionitangulia katika maabara hii wako wapi sasa? Na kama data ni ya kutoka Afrika, nani kutoka huko ataandikwa mwanzo wa orodha ya waandishi wa makala, na nani ataandikwa mwisho? Zungumza pia na mtafiti mmoja aliyeko ndani ya maabara hiyo bila mkuu wake kuwepo, kabla hujatia sahihi.